Vitabu vya Kanisa na Utafutaji wa Mababu: Uhakiki wa Chanzo

Wanorwei wanayo aina ya maandishi ambayo sisi wa makanisa ya Afrika Mashariki tunaijua kidogo, ingawa mizizi yake imo katika kazi ya wachungaji wa ungamo letu. Wenyewe huiita bygdebok, na kwa Kiswahili twaweza kusema kitabu cha kijiji. Ni kitabu kinene, mara nyingi cha juzuu kadhaa, kinachopita shamba moja baada ya jingine katika mtaa fulani wa mashambani, na kwa kila shamba hutaja waliolikalia: mume, mke, watoto, mwaka wa kuzaliwa, wa ndoa na wa kufa, kurudi nyuma hata karne ya 17. Habari hizo kwa sehemu kubwa zimechotwa katika visima viwili, yaani rejesta za usharika na orodha za sensa. Mtu ambaye babu yake alihamia Marekani aweza kufungua ukurasa mmoja na kuwakuta watu wake wa vizazi vinane wamepangwa safu kwa safu kama waumini walioketi kanisani.

Katika makala haya tunakusudia kuvihakiki vitabu vya namna hii pamoja na visima vyake. Hatuna shaka juu ya bidii ya watungaji. Wengi wao walitumia nusu ya maisha yao wakisoma mwandiko uliofifia. Tunachouliza ni hiki: mchungaji alipoandika jina la mtoto katika rejesta, aliandika nini hasa, kwa ajili ya nani, na je, anayekuja baada ya miaka 200 kutafuta babu yake ana haki gani ya kulisoma jina lile kama jibu la swali ambalo mchungaji hakuulizwa? Swali hili latuhusu, maana rejesta za namna ileile zimo katika makabati ya sharika zetu, na siku hizi vijana wengi huja ofisini kuuliza habari za babu wa babu zao.

Tuanze na historia kwa ufupi. Huko Uswidi askofu Johannes Rudbeckius wa Västerås aliwaamuru wachungaji wake katika miaka ya 1620 waandike ubatizo na ndoa. Sheria ya Kanisa ya 1686 ikaieneza amri hiyo katika ufalme wote, pamoja na Finland iliyokuwa sehemu ya Uswidi hadi 1809. Katika ufalme wa Denmark na Norwei maagizo ya jinsi hiyo yalitoka katika karne hiyohiyo. Lakini Waswidi waliongeza jambo ambalo halikuwa na mfano kwingineko: daftari la mitihani ya nyumba. Kila mwaka mchungaji aliwakusanya watu wa vitongoji kadhaa katika nyumba mojawapo, akawapima mmoja mmoja katika kusoma na katika Katekisimo Ndogo ya Luther. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake, na kila mtu mstari wake, naam, hata mtumishi wa kike aliyekuja mwaka ule na kuondoka mwaka uliofuata. Mistari ile ilikuwa na safu: anasoma kitabuni namna gani, anajua sehemu gani za Katekisimo, anaelewa kiasi gani, alishiriki Meza ya Bwana lini, amechanjwa ndui au la, na mwishoni mwenendo wake.

Tunakiri kwamba daftari hili lastahili sifa. Yamkini hapakuwa na mahali pengine duniani, katika karne ya 18, ambapo binti wa mkulima maskini aliandikwa kwa jina lake na kupimwa kwa kipimo kilekile alichopimiwa mwana wa mwenye shamba. Mwanahistoria Egil Johansson, aliyeyachunguza madaftari ya kaskazini mwa Uswidi, alionyesha kwamba wanawake wa mashambani walijua kusoma karibu sawa na wanaume, tena muda mrefu kabla ya serikali kuanzisha shule za lazima 1842. Hili lilitokana na mafundisho ya Matengenezo: kila mtu asome Neno mwenyewe. (Kuandika ni jambo jingine. Mchungaji hakulipima, na wengi hawakulijua.)

Hata hivyo, daftari la mitihani ni ripoti ya mwenye mamlaka juu ya walio chini yake. Aliyepimwa hakuulizwa alijionaje. Mtafutaji wa mababu anapokuta mama wa babu yake ameandikiwa kwamba anaelewa kidogo, hana njia ya kujua kama mama yule alikuwa mzito wa akili, au mwenye haya mbele ya mchungaji, au kama alikuwa amekesha usiku ule akimwuguza mtoto. Watungaji wa vitabu vya vijiji huliondoa tatizo kwa kuiacha safu hiyo na kunakili tarehe tu. Kwa maoni yetu hapo wamechagua yaliyo rahisi wakaacha yaliyo mazito.

Hapa twafika kwenye hoja ambayo wanafunzi wa Agano Jipya watalitambua umbo lake mara moja. Watafutaji wa nasaba hupenda kusema kwamba habari fulani imethibitishwa na mashahidi wawili, rejesta ya kanisa na sensa. Lakini sensa za mashambani ziliandikwa na nani? Huko Uswidi, tangu 1749, wachungaji walijaza majedwali ya hesabu ya watu kwa ajili ya serikali, wakiyatoa katika vitabu vyao wenyewe. Na sensa ya kila miaka 10 iliyoanza 1860 haikuwa karani kupita mlango kwa mlango. Ilikuwa mchungaji kunakili daftari lake na kupeleka nakala Stockholm. Huko Norwei sensa ya tarehe 1 Februari 1801, ya kwanza kumtaja kila mtu kwa jina katika nchi nzima, iliwekwa mashambani mikononi mwa wachungaji wakisaidiwa na walimu na makarani wa kanisa. Basi umri wa mtu ukilingana katika rejesta na katika sensa, huenda tumejifunza tu kwamba mchungaji alikuwa mnakili mwaminifu.

Tumefundishwa kwamba Mathayo, Marko na Luka wakikubaliana neno kwa neno katika kisa kimoja, hatuna mashahidi watatu bali yamkini mmoja na wawili waliomtumia. Mwanafunzi anayelijua hilo darasani mara nyingi hulisahau anapokuja kwenye ukoo wake mwenyewe. Kinyume chake, pale rejesta na sensa zinapopingana, ndipo mtafutaji anapoona haya na kuficha tofauti katika tanbihi. Na ndipo hasa ambapo pana shahidi wa pili. Karani aliyeandika umri tofauti alikuwa amemwuliza mtu, wala hakutazama kitabu. Luka anamtaja Eli kuwa baba yake Yusufu na Mathayo anamtaja Yakobo. Kanisa halikukubali kuifuta tofauti hiyo kwa kuandika upya mojawapo, na watungaji wa vitabu vya ukoo wangefanya vyema kuiga ustahimilivu huo.

Kuhusu majina hatuhitaji kukaa sana, maana wasomaji wetu wana desturi iliyo karibu. Mswidi wa mashambani hakuwa na jina la ukoo. Mwana wa Anders aliitwa Andersson na binti yake Andersdotter, na mwana wa huyo Andersson, kama baba aliitwa Per, alikuwa Persson. Mswahili aliyezoea bin na binti haoni ugumu. Mgeni wa Marekani hupotea. Askari wa kijiji alipewa na jeshi jina fupi, kama Modig, yaani shujaa, na aliyemfuata katika nyumba ileile ya askari aliweza kulirithi jina bila kuwa ndugu yake. Mtoto akifa, mwingine aliyezaliwa baadaye mara nyingi alipewa jina lilelile, na watafutaji wengi wamemwoza maiti kwa sababu hiyo. Huko Norwei mtu aliitwa kwa shamba alilokaa. Akihamia shamba la mkewe, jina likabadilika. Ajabu ni kwamba jambo hili limo katika Biblia nasi hulisoma bila kuliona. Katika Ezra 2:61 yupo mtu aliyeoa mmoja wa binti za Barzilai Mgileadi, akaitwa kwa jina la watu wa mkewe. Na wana wake ndio wanaotajwa katika mstari unaofuata, wale waliotafuta orodha ya nasaba yao wasiione, wakaondolewa katika ukuhani. Ezra haelezi kwamba badiliko la jina lilikuwa sababu ya kukosekana kwao, lakini mpangilio wa mistari watufanya tuulize.

Kasoro kubwa ya vitabu vya vijiji, hata hivyo, imo katika mpango wao. Kitabu kinachofuata mashamba humfuata mwenye shamba. Vijakazi, vibarua, na hasa wapangaji maskini waliopewa kibanda na kipande cha ardhi kwa malipo ya kazi, walihamahama. Hawakuwa na ukurasa wao. Katika vitabu vya zamani watu hao huwekwa mwishoni mwa sura kwa maandishi madogo, kama hawakuachwa kabisa. Vitabu vya karibuni vimejitahidi kurekebisha. Lakini tazama kinyume hiki: rejesta ya mchungaji iliwaandika wote, kwa kuwa wote walibatizwa kwa maji mamoja, na ni mtungaji wa karne ya 20, mtu wa demokrasia, aliyewapanga upya kwa kadiri ya mali. Vivyo hivyo kwa Wasami wa kaskazini. Wachungaji waliwaandika kwa majina ya Kinorwei na Kiswidi, na mtafutaji asiyejua lugha yao huamini kwamba hakuwa na mababu Wasami, kumbe anao.

Twende sasa kwenye mstari mmoja wa rejesta ambao kwa maoni yetu una uzito kuliko yote. Katika vitabu vya ubatizo vya Uswidi, kuanzia mwisho wa karne ya 18, hukutwa watoto ambao mahali pa majina ya wazazi pameandikwa kwamba baba na mama hawajulikani. Hawakuwa watoto waliookotwa njiani wote. Mwaka 1778 mfalme Gustav III alitoa agizo kuhusu wanawake waliowaua watoto wao wachanga kwa hofu ya aibu. Agizo lilimruhusu mwanamke asiyeolewa kwenda mahali asikojulikana, kuzaa huko bila kutaja jina, na mkunga na mchungaji wakakatazwa kumdadisi. Mchungaji alimbatiza mtoto, akaandika jina la mtoto, akaiacha nafasi ya mama tupu. Haki hiyo ilikoma 1917, sheria mpya ilipotaka mama ajulikane ili mtoto apate haki zake kwa baba. Sababu hiyo ya baadaye nayo ilikuwa njema, nasi hatusemi kwamba wabunge wa 1917 walikosea.

Mtafutaji wa kisasa akifika mahali pale huona ukuta. Hutumia miaka kuuvunja: hulinganisha orodha za waliohama, hutazama ni msichana gani aliondoka kijijini mwezi fulani na kurudi baada ya mwezi mwingine, na sasa hupima hata chembechembe za urithi za damu. Akifanikiwa, hulitangaza jina kwa furaha. Tunaielewa furaha hiyo. Mtu ana haki ya kutaka kujua alikotoka, na yule mtoto mwenyewe huenda alikufa akitamani jina lile. Lakini ni nani anayekumbuka kwamba nafasi ile tupu iliachwa kwa makusudi, ili mama asiue na mtoto aishi? Kazi ya mchungaji siku ile ilikuwa kunyamaza. Vitabu vingi vya ukoo huiita nafasi hiyo upungufu wa chanzo. Sisi twaona kwamba pale rejesta ilitimiza wajibu wake kikamilifu kuliko mahali popote pengine.

Mathayo naye alikuwa na nafasi ambazo angeweza kuziacha tupu, akatenda kinyume. Aliwaruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia, yaani Ahazia, Yoashi na Amazia, ili hesabu yake ya vizazi kumi na vinne isimame; lakini Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria hakuwaruka, ingawa desturi ya nasaba haikumlazimu kumtaja mwanamke yeyote. Wanawake ambao mwandishi wa heshima ya ukoo angewafunika, yeye amewaweka juu ya meza. Basi kuna kunyamaza kwa rehema na kuna kutaja kwa rehema, na mwandishi wa rejesta hana kanuni ya kumwambia ni lini atumie ipi. Hutegemea ni nani atakayesoma.

Na hilo la nani atakayesoma si jambo la nadharia. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya watumishi wa umma, na kwa kanuni iliyofuata siku chache baadaye mtu mwenye babu au bibi mmoja Myahudi alihesabiwa kuwa si Mwaria. Uthibitisho ungetoka wapi? Ofisi za serikali za kuandikisha vizazi zilianza Prussia 1874 na Ujerumani nzima 1876. Kwa waliozaliwa kabla ya hapo palikuwa na kitabu cha ubatizo tu. Hivyo mamilioni ya watu wakawaandikia wachungaji kuomba nakala, na wachungaji, Walutheri kwa Wareformed, Wakatoliki pia, wakaketi ofisini wakinakili. Waliotaka kuwa maofisa wa SS walipaswa kuonyesha mababu hadi 1750. Ndipo utafutaji wa mababu mashambani ulipostawi kuliko wakati wowote kabla yake, na vijitabu vya nasaba viliuzwa madukani.

Wengi walifanya kazi ile kama kazi nyingine yoyote ya ofisi. Wengine walikwenda mbele zaidi. Mchungaji Karl Themel wa Berlin alisimamia ofisi iliyofunguliwa 1936 ili kuzikusanya na kuzipanga rejesta za sharika za mji ule. Kadi za Wayahudi waliobatizwa ziliwekwa mbali, na habari zao zikapelekwa kwa mamlaka ya serikali. Fikiri maana yake. Mtu aliletwa na wazazi wake kwenye kisima cha ubatizo mnamo 1820, mchungaji akaandika kwa furaha kwamba wazazi wake walitoka katika dini ya Kiyahudi, na maandishi yale ya furaha yakawa, baada ya zaidi ya miaka 110, hati ya mashtaka juu ya wajukuu wake. Kanisa lililofundisha kwamba katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani likayatumia maji ya ubatizo kumtambua Myahudi. Mjini Berlin hukohuko mchungaji Heinrich Grüber alifungua ofisi ya kuwasaidia Wakristo wa asili ya Kiyahudi kukimbilia nchi nyingine, akafungwa mwaka 1940. Walitumia vyeti vilevile vya ubatizo. Watungaji wa vitabu vya ukoo vya Kijerumani mara nyingi huanza na shukrani kwa nyaraka zilizopangwa vizuri. Ni wachache wanaosema zilipangwa lini na kwa nini.

Sisi wa ukanda huu hatuwezi kulisoma hilo kama habari ya mbali. Rwanda, utawala wa Kibelgiji uliwaandika watu katika miaka ya 1933 na 1934 kwa makundi ya Wahutu, Watutsi na Watwa na kuwapa vitambulisho vyenye neno hilo. Kundi la mtoto lilifuata la baba yake. Mwaka 1994 kitambulisho kilitosha kumwua mtu kwenye kizuizi cha barabara. Daudi alipowahesabu Israeli katika 2 Samweli 24, wafafanuzi hubishana dhambi yake ilikuwa nini hasa. Katika nchi zetu mabishano hayo yana uzito ambao vitabu vya ufafanuzi vya Ulaya havina.

Jambo jingine tuliguse kwa haraka. Rejesta nyingi za Uswidi zilipigwa picha kuanzia 1948 na Chama cha Nasaba cha Utah, ambacho ni cha Wamormoni, na bila kazi hiyo utafutaji wa leo usingewezekana kwa kiasi hiki. Shabaha yao ni ubatizo kwa ajili ya wafu, wakitegemea 1 Wakorintho 15:29. Mlutheri hawezi kuikubali, maana aliyeandikwa katika rejesta ya Småland alikwisha kubatizwa, na hakuna awezaye kuongeza juu ya ahadi ya Mungu. Hata hivyo twaona kwamba angalau wao wana sababu ya kiteolojia ya kuwatafuta wafu. Watungaji wengi wa Kilutheri hawana, au kama wanayo hawaisemi; hutafuta kwa sababu vitabu vipo.

Sasa nyumbani. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891, na wa Leipzig walifika Machame 1893. Walikuja na desturi ya kitabu cha kanisa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walipofukuzwa, miongoni mwa waliokuja kusaidia katika miaka ya 1920 walikuwamo wamisionari wa Augustana kutoka Marekani, kanisa lililoundwa 1860 na wahamiaji wa Kiswidi. Wahamiaji hao ni walewale ambao majina yao yalifungwa katika madaftari ya mitihani kwa neno kwamba wamehamia Amerika. Hivyo desturi ile ilifika Iramba ikiwa imezunguka dunia.

Mtafutaji wa ukoo wa Kichaga, Kipare au Kisambaa anapofungua rejesta ya kwanza ya usharika wake hukutana na magumu ambayo Mnorwei hayajui. Mara nyingi habari zimeandikwa kwa Kijerumani, pengine kwa mwandiko wa zamani ambao hata kijana wa Ujerumani wa leo hausomi. Nyuma ya mbatizwa wa kwanza hakuna mstari. Baba yake ametajwa kama mpagani, na hapo kitabu hukoma, utadhani historia ya ukoo ilianza siku ile ya maji. Sensa nayo haisaidii. Sensa ya 1948, ya 1957 na zilizofuata uhuru, kuanzia ile ya 1967 hadi ya 2022, zilikusudiwa kutoa hesabu; habari za mtu mmoja mmoja ni siri kwa sheria, wala hatuna utaratibu kama wa Norwei, ambako orodha za majina hufunguliwa baada ya miaka 100 na ile ya 1920 ilifunguliwa Desemba 2020. Kwa hiyo anayetaka kwenda nyuma ya ubatizo wa kwanza hana budi kuwaendea wazee.

Hapo ndipo tunapoona kosa katika baadhi ya historia za koo zinazochapishwa siku hizi kwa ajili ya jubilei. Huanza na masimulizi ya mzee kuhusu mahali ukoo ulikotoka, kisha hufika kwenye ubatizo wa kwanza, na tangu hapo mzee hunyamazishwa. Kilichoandikwa hushika nafasi yote. Lakini rejesta humtaja mtoto kwa baba, na mama kwa jina la ubatizo tu. Ukoo wa mama haumo. Katika ndoa mzee wa ukoo hujua kwamba hawa wawili hawaruhusiwi kuoana kwa upande wa mama zao, na kitabu cha kanisa hakijui. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi miaka mingi hadi aliporudi Ujerumani 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Injili haiji kuvikata. Mengi katika fundisho lake yamekosolewa kwa haki, hasa woga wake juu ya kila badiliko. Lakini juu ya jambo hili rejesta zilizoletwa na misioni yake mwenyewe zilimpinga kimyakimya, kwa kuwa safu zake zilichapwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja.

Tena kuna kitabu cha nidhamu. Humo yamo majina ya waliotengwa na Meza ya Bwana, sababu, na siku waliyorudishwa. Mjukuu anayekuja na barua ya utafutaji huomba kuona kila kilichoandikwa juu ya babu yake, na parishi waka wengi, kwa ukarimu, humpa. Tunadhani ukarimu huo hauna msingi. Aliyeungama na kurudishwa aliambiwa kwamba dhambi yake imeondolewa. Mchungaji aliyemwambia hayo hakuongeza kwamba ushahidi utabaki kabatini kwa ajili ya wajukuu. Cheti cha ubatizo ni haki ya mtu na ya jamaa yake, na hutumika hata kwa kupata cheti cha kuzaliwa cha serikali. Maandishi ya nidhamu ni kitu kingine, nayo yafaa yatenganishwe na yafungwe.

Kwa upande wa rejesta yenyewe, marekebisho hayahitaji azimio la sinodi. Safu ya mama yaweza kupanuliwa ili iwe na jina lake la asili na la baba yake na ukoo wake. Mzee anayesimulia aweza kuandikwa katika daftari la kando, pamoja na tarehe na jina la mwandishi, bila kulazimishwa akubaliane na kitabu. Na mchwa, ambao hawakuwa tatizo huko Västerås, wangepungukiwa kama tungeifuata kanuni iliyotolewa Denmark mwaka 1812: rejesta iandikwe mara mbili, moja kwa mchungaji na moja kwa karani wa kanisa, na vitabu hivyo viwili visilale usiku hata mmoja chini ya paa moja. Katika sharika nyingi nyumba ya mwinjilisti wa mtaa ingefaa kwa nakala ya pili.